Russ Kulp Juu ya Gari la Zimamoto

Hollenbach haina katikati. Unaweza kuikatisha yote kwa gari usijue umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Kuna barabara kuu yenye duka la dawa, benki, kituo cha mafuta na duka la magodoro ambalo sijawahi kuona mtu akitoka na godoro. Kuna ofisi ya kitongoji, na nyuma yake banda la chumvi ya kumwaga barabarani wakati wa theluji. Basi. Zilizobaki ni nyumba, nyasi na gereji. Hata posta hatuna. Barua zetu zinakuja kwa majina ya miji ya jirani, ndo maana ukimuuliza mtu wa hapa anakaa wapi, atakutajia mji ambao hata haulipii kodi. Wengi wanakuja kujua kwamba wako Hollenbach siku jiko limewaka moto na gari lililofika limeandikwa Hollenbach ubavuni.

Russ Kulp alijua kila siku. Alizaliwa hapa wakati bado ni mashamba ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza tanuri za mafuta, zile za kupasha nyumba joto zinazokaa chumba cha chini. Ukiwa fundi wa tanuri kwa miaka yote hiyo, na juu yake uko zimamoto wa kujitolea, hakuna nyumba ambayo hujaingia. Alikuwa anaweza kupita mtaa akakuambia huyu chumba chake cha chini kinaingia maji, huyu ana meza ya biliadi haijachezwa tangu mtoto aende jeshini, huyu mke wake alihamia chini kimya kimya na hajapanda tena juu. Hakuwa anasengenya. Ilikuwa kama mtu mwingine anavyosoma mabango ya barabarani.

Ila yeye nyumbani kwake hakuna aliyekuwa anaingia. Alikaa barabara ya Dieber, nyumba ya chini chini ya matofali, na mkewe Carol alikuwa ameshafariki. Mimi nilimzoea kituoni. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na saba, nikawa sina pa kwenda mchana, na kituo cha zimamoto kilikuwa na sofa, televisheni, na Russ. Yeye alikuwa hapo kila nikiingia. Anapangusa kitu ambacho kimeshapanguswa.

"We dogo huna kwenu?" aliniuliza siku za mwanzo.

"Ninako. We mzee je?"

"Ninako pia. Sasa shika hicho kitambaa."

Habari ya Carol kila mtu kituoni anaijua, na hakuna anayeisimulia Russ akiwepo. Alikuwa na saratani. Mwishoni walimwekea kitanda cha hospitali pale sebuleni, karibu na dirisha, na binti yao Denise akaja kukaa nao. Jioni moja peja ya Russ, kile kidude cha kiunoni cha kutuita kwenye moto, ikalia. Kengele ya moshi kwenye jengo la maduka barabara kuu. Akainuka. Denise akamwambia, baba, leo usiende. Akasema anarudi sasa hivi, kwanza kituoni wako wachache. Kule wakakuta mtu wa ofisi ya juu ameunguza bisi. Wakafungua madirisha, wakazima kengele, wakasubiri mwenye jengo aje atie saini. Russ aliporudi Carol alikuwa ameshakufa na Denise amemshika mkono.

Chakula cha msiba kilifanyika ukumbini kwetu, kituoni, kama kawaida ya hapa: nyama ya nguruwe ya baridi, saladi ya viazi, keki kumi na mbili za watu kumi na mbili. Heather, ambaye ni muuguzi msaidizi na ndiye mtu wetu wa huduma ya kwanza, alikuwa jikoni anakata nyama. Alimsikia Denise akimwambia baba yake bila kupandisha sauti: "Umeingia kila nyumba ya mji huu, baba. Ya kwako ndo hukuingia." Akachukua koti lake. Tangu siku ile hakukanyaga kituo, na simu ya baba yake hakupokea tena.

Sasa hapo ndo uone hiki kitongoji kilivyo. Denise hakuhama kwenda mbali. Yeye na mumewe walinunua nyumba Quail Ridge, yale makazi mapya upande wa pili wa barabara kuu, ambako jina linasema kilima cha kware na hakuna kware wala kilima. Kwa gari kutoka kwa Russ hata wimbo mmoja wa redio hauishi. Kungekuwa na kisima kimoja au soko moja wangekutana tu, watake wasitake, wangenuniana wakachoka. Lakini hapa mtu anabonyeza kitufe, gereji inafunguka, anatoka ndani ya gari, anarudi ndani ya gari, gereji inafunga. Jirani unamjua kwa rangi ya gari lake. Denise ananunua vitu supamaketi ya kaskazini, Russ ya kusini. Miaka sita baba na mwana hawajagongana hata kwenye foleni ya maziwa.

Na kwenda kubisha hodi haiwezekani. Hapa hodi bila kupiga simu kwanza ni mambo ya polisi na watu wa dini. Simu ndo hiyo haipokelewi.

Kwa hiyo ilibaki siku moja.

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, gari letu kubwa linapita mtaa kwa mtaa, Hollenbach yote, king'ora kinalia na Baba Krismasi amekaa juu. Watu wanatoka mpaka mwisho wa njia zao za gari, pale kwenye sanduku la barua, na pajama zao na vikombe vyao na mbwa. Ni siku pekee unayowaona wote wako nje kwa miguu. Baba Krismasi alikuwa Russ tangu kabla sijazaliwa. Ni mwembamba kama mlingoti, tumbo lilikuwa mto wa kochi uliofungwa kwa mkanda, na ndevu zilimfika mpaka kifuani.

Quail Ridge tulikuwa tunaingia karibu na mwisho, kabla ya giza kuwa zito. Denise anakaa mtaa wa Sorrel, ule unaoishia duara. Mwaka wa kwanza baada ya msiba, alitoka na mtoto mdogo kwenye blanketi, akasimama pale pale kwenye sanduku la barua kama majirani, akaushika mkono wa mtoto akaupunga. Russ akapunga. Mwaka uliofuata mtoto anatembea. Baadaye wakawa wawili, Tessa na Wyatt. Mimi nilipoanza kuendesha lile gari nilikuta ni sheria isiyoandikwa: ukifika Sorrel unasimama, Russ anashuka, anapiga goti, anawasikiliza. Tessa aliwahi kumwomba ngazi. Siyo ngazi ya kuchezea, ngazi kabisa, ya kufikia juu ya jokofu. Russ alikaa na hiyo ngazi mwaka mzima, anaisema kituoni.

"Ngazi, jamani. Mtoto wa miaka mitano."

"Amefanana na nani?" Heather akamwuliza.

"Na bibi yake. Carol hakuwahi kumwomba mtu amshushie kitu, alipanda mwenyewe."

Denise wakati huo anakaa pembeni, mikono mfukoni, anatazama. Russ aliamini hajamjua. Aliniambia mara nyingi. "Zile ndevu, dogo, hata mimi kwenye kioo najiuliza ni nani." Na alitaka ibaki hivyo, maana akijulikana anaweza kukosa hata hiyo robo saa.

Ndo ukafika mkutano wa Novemba. Mkuu wetu, Gary Detweiler, ambaye mchana anauza bima na jioni anagombana na sisi, alisimama mbele na kahawa.

"Tuko wangapi? Nasema wanaokuja kweli, siyo wa kwenye picha ukutani."

"Tisa," mtu akajibu.

"Tisa. Na mmoja ana goti bandia." Alikuwa anajisema mwenyewe. "Kuzunguka mitaa yote ni kuanzia mchana mpaka usiku, na gari likiwa Quail Ridge halafu nyumba inawaka kule Dieber, mimi ndo nitaulizwa. Mwaka huu tutasimama sehemu tatu. Kanisa la Walutheri, shule ya msingi, halafu hapa kituoni. Watu waje."

Russ akanyoosha mkono, kitu ambacho hafanyi.

"Hawatakuja," akasema. "Gary, hawa watu kwenda kuchukua barua tu wanapanda gari."

"Basi si watapanda gari waje?"

Watu wakacheka. Russ hakucheka.

"Kuna wazee hawatoki," akasema.

"Wazee wanamtaka Baba Krismasi wa nini? Mzee, sema tu unapenda kukaa kule juu upigiwe saluti kama rais."

"Wafalme hawashuki kirahisi," mwingine akadakia.

"Naomba basi Quail Ridge peke yake," Russ akasema, na pale watu wakaacha kucheka, maana kila mtu alijua. Gary naye alijua. Akakuna shingo.

"Nikipita Quail Ridge, watu wa Mill Road watanipigia simu mpaka Pasaka. Hujui watu wa Mill Road? Wananipigia kwa sababu ya majani ya miti yaliyodondoka."

Kura zikapigwa kwa mikono. Mkono wa Russ ulikuwa peke yake. Hata mimi sikunyoosha wangu, maana sisi wa kuendesha tulikuwa tumechoka kweli na ile safari, na nilijua hautabadilisha kitu.

Baadaye nilimkuta nje, anakaza kifuniko cha bomba la maji ambacho hakikulegea.

"Sorrel haimo," akasema.

"Haimo, mzee. Ila tangazo litatoka. Labda atawaleta."

"Hapa? Denise?" Akakaza tena. "Ule mlango hapiti."

"Kuna kanisani. Kuna shuleni."

"Shuleni," akasema. "Tessa anasoma pale." Akaishika hiyo.

Jumamosi yenyewe ilikuja na mvua ya barafu, ile nyembamba inayokaa kwenye kioo cha gari kama sukari. Kanisani walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Maegesho yalijaa, mchungaji anagawa chokoleti ya moto, watoto wanasukumana. Russ alikuwa kwenye kiti chini ya turubai. Nilimwona anampokea kila mtoto vizuri tu, lakini macho yake yanapita juu ya kofia ya mtoto na kwenda kwenye kila gari linaloingia.

Kitoto kimoja kikamwuliza, "Mbona unaangalia kule?"

"Nawaangalia kulungu wangu wanaonivuta, wasije wakakojolea gari la mchungaji."

Mama wa mtoto akacheka mpaka akamwaga chokoleti. Russ akarudi kuangalia magari.

Shuleni ilikuwa hivyo hivyo, ila baridi zaidi na giza limeshaanza. Alimwita kila mtoto wa kike mwenye koti la njano, maana mwaka uliopita Tessa alikuwa na koti la njano. Mtoto anageuka, siye. Watu walipoanza kupungua Heather akamletea donati kwenye kitambaa cha karatasi. Akaiweka juu ya goti, akasahau, ikaanguka alipoinuka.

Tukapanda gari kurudi kituoni, kituo cha tatu na cha mwisho. Njiani Baba Krismasi haruhusiwi kukaa juu kama kuna barafu, kwa hiyo Russ alikaa mbele na mimi, na Heather nyuma na masanduku ya pipi. Tulifika taa za barabara kuu. Kulia ni kituoni. Kushoto ni Quail Ridge.

"Cody," akasema. Mimi huwa ananiita dogo. "Kata kushoto."

"Gary ataniua."

"Nitamwambia nimekushikia bastola."

"Una tumbo la mto, mzee. Nani ataamini?"

Ndevu alikuwa ameshazivuta chini ya kidevu, uso umelowa. Nikamtazama Heather kwenye kioo. Heather akatazama dirishani, akasema, "Mimi niko nyuma huku, sioni njia." Taa ikawa kijani. Nikakata kushoto.

Quail Ridge ilikuwa kimya. Nyumba zimewaka taa za rangi kila moja, kwenye nyasi kuna masanamu ya plastiki yaliyojazwa upepo yanayumba, na hakuna mtu hata mmoja. Miaka mingine tukiingia pale king'ora hakisikiki kwa kelele za watoto. Safari hii sikukiwasha. Tuliingia Sorrel kama wezi na gari la tani kumi na nane.

Nyumba ya Denise taa ya kibaraza inawaka. Gereji imefunguka, ndani hamna gari.

Russ akashuka hata hivyo. Akapandisha ndevu, akarekebisha mto, akasimama pale kwenye sanduku la barua. Nyumba ya pili kuna mama mmoja alikuwa anaburuta pipa la chupa tupu kulipeleka ukingoni, Bi Sunita, namjua kwa sababu tuliwahi kumtolea popo ndani ya nyumba. Akatuona, akaacha pipa katikati ya njia.

"Baba Krismasi, umepotea? Si mlisema mwaka huu hamji?"

"Nilikuwa napita tu," Russ akasema na ile sauti nene ya Krismasi. "Hawa watoto wa hapa wako wapi?"

"Wamekwenda kwako." Akaona hajaelewa. "Kituoni. Denise amewapakia kama nusu saa iliyopita, mdogo anapiga kelele hataki kuvaa viatu. Nikamwambia si ungewapeleka shuleni, ni karibu. Akasema hapana, kituo cha mwisho ndo kizuri, baba anakaa muda mrefu pale, hana haraka."

Ile sauti nene ilikuwa imeisha.

"Baba nani?" akauliza.

Bi Sunita akamtazama, akanitazama mimi kwenye gari, akaona labda amekosea. "Wewe siyo baba yake? Mimi nimehamia hapa mwaka wa nne huu. Kila mwaka mkishaondoka ananiambia, yule aliyekuwa juu ya gari ni baba yangu. Watoto hawajui, lakini ananiambia mimi. Samahani kama nimesema lisilonihusu."

"Hapana," Russ akasema. "Hapana, mama. Ahsante. Ngoja nikusaidie hilo pipa."

Akalichukua pipa, akalisukuma mpaka ukingoni, akaligeuza mpini uangalie nyumba kama sheria ya kitongoji inavyotaka. Bi Sunita akaingia ndani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuligeuza gari kwenye duara, nahesabu kichwani: tukikimbia, Denise hajaondoka kituoni. Russ alikuwa anarudi karibu anakimbia, amelishika tumbo kwa mkono.

"Washa king'ora," akasema akiwa bado chini. "Washa kila kitu."

Ndipo peja zikalia. Zote tatu kwa pamoja, yake ikiwa chini ya koti jekundu. Gari limeteleza kwenye barafu, limeingia mtaroni barabara kuu, upande wa Mill Road, kuna mtu amebanwa mguu. Gary akasikika kwenye redio anasema anatoka na gari dogo, anauliza sisi tuko wapi. Sisi ndo tulikuwa na ile mashine ya kukatia chuma.

Mguu wa Russ ulikuwa umeshapanda ngazi ya gari. Nimemwona mara ngapi sijui akifanya hivyo: peja inalia, mwili unakwenda kabla ya kichwa. Mkono mmoja kwenye mlango, mkono mwingine anavua kofia ya Krismasi aweke ile ya kazi. Akabaki hivyo. Mvua inampiga mgongoni. Nilitaka kumwambia panda, mzee, twende, maana kuna mtu mtaroni na kila nukta inahesabika.

Akashusha mguu.

"Mko wawili," akasema. "Gary na wenzake wako njiani. Mnatosha."

Sijawahi kumsikia Russ Kulp akisema watu wanatosha.

"Utafanya nini hapa?" Heather akamwuliza.

"Nyinyi nendeni."

"Russ, kunanyesha barafu."

"Nendeni, jamani. Mtu kabanwa mguu."

Akafunga mlango wa gari yeye mwenyewe, akaupiga kofi mara mbili kama tunavyofanya. Nikawasha king'ora. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona amesimama pale kwenye sanduku la barua la binti yake, mtu mwekundu peke yake kwenye mtaa wenye taa nyingi. Hakusogea kibarazani kujikinga. Sanduku la barua ndo mwisho aliojipa.

Yule wa mtaroni tulimtoa. Kijana wa chuo, mguu umevunjika, analia kwa sababu ya gari la mama yake kuliko mguu. Tulirudi kituoni tukakuta foleni imeshatawanyika. Viti vimekunjwa, sakafu imejaa vikombe vya karatasi na mapovu ya chokoleti. Gary alikuwa ametutangulia, anafagia, na kwa jinsi alivyokuwa anafagia nilijua ameshajua tulikokuwa.

"Uliona taa kule barabara kuu?" akaniuliza.

"Niliona."

"Kulia ni wapi?"

"Kituoni."

"Na wewe ukaenda wapi?"

"Gary," Heather akasema, "mwache."

Gary akaegemea fagio. "Denise alikuwa hapa," akasema, safari hii taratibu. "Niliowaachia kituo wameniambia. Aliingia kwa mlango ule ule. Alisimama na watoto kwenye foleni, watu wakimwambia Baba Krismasi yuko njiani, yuko njiani. Halafu peja zikalia na gari dogo likatoka, na mtu akawatangazia kwamba basi, Baba Krismasi ameitwa kwenye ajali. Unajua alisemaje? Alicheka. Kidogo tu. Akasema, 'Ndiyo, huyo ndo yeye.' Akawabeba watoto akaondoka."

Nilikwenda nyuma nikaanza kuliosha gari chumvi, maana chumvi ikilala inakula chuma. Heather akaja na bomba la pili. Alikuwa anafikiria nilichokuwa nafikiria: mtu mmoja ameondoka hapa akiamini baba yake amekwenda tena kwenye kengele, na baba mwenyewe amesimama kwenye mvua mbele ya nyumba yake.

Tulikuwa hatujamaliza, gari jeupe likaingia kwenye maegesho. Lilikwenda taratibu mpaka kando ya pikapu ya Russ. Mlango wa abiria ukafunguka, na ndani taa ikawaka kidogo. Niliwaona watoto nyuma, vichwa vimelala kila kimoja upande wake, mmoja ana kiatu kimoja. Denise alikuwa kwenye usukani na mikono yote miwili juu yake. Russ akatoka. Ndevu alikuwa amezishika mkononi. Akasimama kidogo kama anataka kusema kitu ndani ya gari, halafu akaufunga mlango polepole sana, ule wa kubana mpaka usikie tiki, asiwaamshe.

Akaingia kwenye pikapu yake akaiwasha. Denise alisubiri mpaka taa zake ziwake, kama tunavyosubiriana hapa wakati wa baridi, mtu asije akabaki na betri imekufa. Zilipowaka, akaondoka. Hakupiga honi.

Russ akaizima pikapu, akaja ndani.

Tulijifanya tunaosha. Akavua koti jekundu, akalining'iniza kwenye hanga lake, likawa linadondosha maji sakafuni. Akaufungua ule mkanda, akautoa mto.

"Huyo wa mtaroni?" akauliza.

"Mguu tu. Atapona."

"Vizuri."

Akakaa kwenye benchi. Viatu vikawa havitoki, vimelowa.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Mzee, acha basi."

Akavuta kiatu kimoja kikatoka. "Walikuwa wamelala. Nikamwambia usiwaamshe. Akaniambia panda, nitakurudisha kwenye gari lako." Akakiweka kiatu kando. "Tessa alifungua jicho moja, akanitazama, akalala tena. Ameota meno ya mbele."

"Na Denise?"

"Kimya mpaka kwenye taa. Tulipofika kwenye taa akaniuliza kama nimekula."

Heather akazima maji. "Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nimekula."

"Ulikuwa umekula?"

Russ akakivuta kiatu cha pili. "Tangu asubuhi, hapana."

Gary alikuwa amesimama mlangoni na fagio lake, sijui tangu saa ngapi. "Russ," akasema, "wewe ni mjinga."

"Najua."

"Mpigie sasa hivi. Mwambie una njaa."

Russ akatoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho maana miwani hakuwa nayo, akaitazama. Mwanga ukajizima wenyewe, akaibonyeza, ikawaka, akaitazama tena. Sisi wote tukawa tunaangalia sehemu nyingine.

"Watoto wamelala," akasema. "Simu itawaamsha."

Akavaa viatu vyake vya kawaida, akatuaga kila mmoja kwa kichwa, akatoka. Nilimsikia akiiwasha pikapu. Pale kwenye barabara alisimama muda mrefu kuliko magari yaliyokuwepo, ishara ya kulia, ya kwenda Quail Ridge, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Halafu akaizima, akawasha ya kushoto, akaenda kwake Dieber.